Kutoka Lena hadi Kituoni: Mwongozo Kamili wa Kuwa Dereva wa Teksi Unguja na Pemba

Anayetaka kuwa dereva wa teksi Zanzibar mara nyingi huanza na gari. Humtafuta tajiri mwenye Noah au IST iliyokaa bure, wakapatana hesabu ya siku, kisha ndipo anapoanza kuhangaikia leseni, bima na vibali, na mwisho kabisa, akiwa na abiria tayari kiti cha nyuma, anagundua kwamba mtaa wa Kwaalinato haujui uko wapi. Mwongozo huu unayapanga mambo kinyume chake: kwanza mtu mwenyewe, kisha leseni, kisha njia, na gari iwe ya mwisho. Gari inakula pesa kila siku inapolala bila kazi, ilhali kujifunza njia hakumgharimu mtu zaidi ya nauli ya daladala.

La kuliweka sawa mapema ni suala la sheria. Usafiri wa barabarani si jambo la Muungano, kwa hiyo LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoundwa Bara mwaka 2019, pamoja na madaraja na ada za leseni atakazokueleza jamaa yako wa Dar es Salaam, hazikuhusu ukiwa unafanya kazi Unguja au Pemba. Msingi wetu ni Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya 2003 na kanuni zake. Usafiri unasimamiwa chini ya wizara yenye dhamana ya uchukuzi. Leseni na usajili wa vyombo vya moto vinapitia Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo wengi bado tunaiita ZRB kwa jina lake la kabla ya 2022. Na trafiki ndio utakaokutana nao barabarani kila siku ya kazi yako. Ada hubadilika, na kwa sababu hiyo sizitaji hapa. Ziulize dirishani mwenyewe, usimuulize kishoka anayezungukazunguka nje ya jengo akiwa na bahasha mkononi.

Mtu kwanza

Uwe umetimiza miaka 18, uwe na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi au hati nyengine inayokubalika ya ukaazi wako, na uwe na barua ya sheha wa shehia unayoishi, kwa sababu barua hiyo itaulizwa mahali pengi kuliko unavyodhani. Toa nakala kadhaa za kila hati na uziweke katika faili moja. Jina katika hati zote liwe sawa herufi kwa herufi: aliyeandikwa Mohammed katika cheti cha kuzaliwa na Mohamed katika kitambulisho atarudishwa dirishani, na makosa ya namna hiyo ni rahisi kuyasahihisha kabla ya leseni kutoka kuliko baada yake.

Macho ni jambo ambalo vijana hulipuuza. Simama mita 20 kutoka kwenye gari iliyoegeshwa mchana na ujaribu kuisoma namba yake bila kukunja uso. Ukishindwa, nenda kwa daktari wa macho kabla ya kwenda skuli ya udereva. Tena jaribu magharibi, mwanga unapofifia, kwa kuwa teksi ni kazi ya usiku kama ilivyo ya mchana, na njia nyingi za shamba hazina taa.

Skuli ya udereva na lena

Lena, yaani leseni ya mwanafunzi, ndiyo inayokuruhusu kujifunza barabarani ukiwa na mwalimu pembeni na alama ya L mbele na nyuma ya gari. Wapo wanaojifunza kwa kaka au mjomba katika kiwanja cha mpira, na wengi wao wanaijua gari vizuri sana. Wasichokijua ni barabara. Skuli nzuri utaitambua kwa mambo matatu ya kuonekana: ina gari yenye breki ya pili upande wa mwalimu, ina darasa la alama za barabarani kabla ya kushika usukani, na mwalimu wake anakupeleka katika msongamano wa Darajani na Mwanakwerekwe badala ya kukuzungusha asubuhi nzima katika barabara tupu.

Jifunze gari ya gia, hata kama teksi nyingi za leo ni otomatiki. Anayeijua klachi ataendesha gari yoyote atakayokabidhiwa, na mwenye otomatiki peke yake atakwama siku tajiri atakapomletea gari ya gia. Hapa pana tofauti ya visiwa viwili. Unguja sehemu kubwa ni tambarare, na mwanafunzi anaweza kumaliza mafunzo bila kuwahi kuiondoa gari mlimani kwa uzito. Pemba ni vilima na mabonde mtindo mmoja, na aliyesimama nyuma ya lori la karafuu katika mwinuko kati ya Chake Chake na Mkoani hana budi ajue kuishika gari kwa breki ya mkono, kuiachia klachi mpaka injini ianze kuvuta, na kuondoka bila kurudi nyuma hata shibiri moja. Mwanafunzi wa Unguja amuombe mwalimu amtafutie mwinuko wowote alionao na ayarudie hayo mpaka mguu wa kushoto uyafanye bila kufikiri.

Katika mtihani, wengi huangushwa na mambo madogo kuliko kushindwa kuendesha. Kipilefti ni mfano: tunaendesha kushoto, kwa hiyo aliyemo ndani ya mzunguko, anayekuja kutoka kulia kwako, ndiye mwenye haki, nawe unangoja hata kama bodaboda watatu wamekupita huku wakipiga honi. Indiketa iwashwe kabla ya kupunguza mwendo, isiwashwe baada ya kukata kona. Saidi mira zitazamwe kwa namna ambayo mkaguzi ataona kuwa umezitazama, hivyo geuza kichwa kidogo, macho peke yake hayamtoshi. Na katika kivuko cha waendao kwa miguu, simama. Desturi ya kumulika taa ili watoto wa skuli wakimbie itakufelisha, na inastahili kukufelisha.

Masafa kati yako na gari ya mbele yahesabu kwa sekunde, kwa sababu mita hazihesabiki ukiwa mwendoni. Gari ya mbele ikipita nguzo, hesabu sekunde mbili. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umeikaribia mno. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari inakula karibu mita 17 katika sekunde moja tu, na mtu wa kawaida hutumia sekunde nzima kuona hatari na kuupeleka mguu kwenye breki. Wakati wa masika, lami ikiwa imeroa, hesabu sekunde nne.

Leseni ya kawaida haitoshi kubebea abiria wa kulipa. Ukishaipata, uliza ZRA masharti ya daraja la kubeba abiria, na kipindi cha kungojea kati ya leseni moja na nyengine, ikiwa kipo, usikione kuwa ni muda uliopotea. Ndio muda wa kujifunza njia.

Njia

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mjini London, anayetaka kuendesha zile teksi nyeusi hupimwa kwa mtihani uliokuwepo tangu 1865: anahifadhi kichwani njia 320 na mitaa ipatayo 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, katikati ya mji, kisha anaulizwa ana kwa ana, mahali pa kuanzia na pa kumalizia, naye aitaje njia mtaa kwa mtaa. Wengi huchukua miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Eleanor Maguire walionesha kuwa sehemu ya nyuma ya kiungo cha kumbukumbu katika ubongo wa madereva hao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wa kawaida. Zanzibar hakuna anayetulazimisha mtihani huo, lakini utaratibu wao wa kujifunza unafaa kuigwa: kila njia hujifunzwa na ncha zake mbili, na katika kila ncha mwanafunzi huzunguka eneo la robo maili akitambua kila hospitali, hoteli, ofisi na nyumba ya ibada.

Ratiba ya masomo tayari tunayo, nayo ni namba za daladala ambazo zimetumika kwa miaka mingi. Za mia moja zinaelekea kaskazini, kama 116 ya Nungwi, 117 ya Kiwengwa na 118 ya Matemwe. Za mia mbili zinakwenda mashariki, kama 206 ya Chwaka. Za mia tatu ni za kusini: 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 326 Kizimkazi. Za mia tano ni za mjini na vitongoji vyake, kama 502 ya Bububu, 504 ya Fuoni na 505 ya Uwanja wa Ndege. Panda kila moja mpaka mwisho, ukae mbele kwa dereva ukiweza, na uwe na daftari. Andika kila njia panda, kila kituo cha mafuta, kila tuta lisilo na alama na kila mahali ambapo polisi huweka kizuizi. Ukifika mwisho, shuka utembee robo saa kila upande kabla ya kurudi. Siku inayofuata jisomee njia kwa sauti bila daftari, kutoka kituo cha kuanzia hadi mwisho, kisha kinyume chake, kwa sababu njia ya kurudi haifanani na ya kwenda kama watu wanavyodhani.

Utaona mambo ambayo ramani ya simu haiyaoni. Barabara ya kusini inapita chini ya miembe mikubwa ya Bi Khole, ambayo mashina yake yako karibu na lami kiasi cha kumtisha mgeni wa njia. Kwenye msitu wa Jozani kuna matuta yaliyowekwa ili kuwanusuru kima punju wanaovuka barabara, na anayeyapita kwa kasi huvunja springi zake na pengine huua mnyama ambaye hapatikani popote nje ya Zanzibar. Baada ya magharibi, gari za ng'ombe zinarudi kutoka mashamba bila taa wala kiakisi. Pemba, msimu wa karafuu, majamvi yenye karafuu zinazoanikwa hutandazwa ukingoni mwa barabara, na dereva mwenye adabu hupunguza mwendo, kwani vumbi la tairi zake linaingia katika mali ya mtu.

Mjini pana somo lake. Tangu 2022 nyumba zimewekewa namba na mitaa majina, na hilo linasaidia, ila abiria wetu bado anakwenda kwa majina ya mitaa aliyokua nayo na kwa miti. Bibi aliyetoka Mnazi Mmoja hospitali atakwambia, "Mwanangu, nipeleke Kwamtipura, ukifika penye mwembe kata kulia." Dereva mjuzi hamwambii bibi amtumie eneo kwa simu. Humjibu, "Shikamoo bibi. Mwembe huo ni ule wa kabla ya msikiti au wa baada yake?" Akishajibiwa swali hilo moja, safari nzima imekwisha pangwa, na bibi ametulia kwa kuona kuwa yuko na mtu anayekujua kwao. Kwahani, Kwaalamsha, Kwaalinato, Kwamtipura, Kwa Biziredi: zitembee kwa miguu zote.

Mji Mkongwe nao ujifunze kwa kujua gari inapoishia. Vichochoro vingi havipitiki kwa gari, kwa hiyo suali la dereva si hoteli iko wapi bali mgeni ashuke wapi ili abebe masanduku hatua chache iwezekanavyo. Wa Kiponda humfaa zaidi upande wa Darajani au Malindi; wa Hurumzi upande wa Forodhani; wa Sokomuhogo upande wa Vuga. Uwe na namba ya mchukuzi mmoja mwaminifu mwenye gari la mkono katika kila upande, na umpigie kabla hujafika. Mgeni aliyeshushwa gizani na mizigo mitatu, papasi wanne, wale wanaowaganda wageni barabarani, wakiwa wamemzunguka, hatakumbuka kwamba uliendesha vizuri.

Pemba njia ni chache na umbali ni mkubwa kati ya kazi na kazi. Zijue kikamilifu barabara za Chake Chake kwenda Wete, Konde na Mkoani, jua njia ya kuelekea Ngezi na Makangale inakuwaje baada ya mvua, na ujue saa za meli pale Mkoani, kwa kuwa huko dereva anaishi kwa ratiba ya meli na ndege kuliko kwa abiria wa kuokota njiani.

Gari, tajiri na bima

Sasa ndipo gari inapoingia. Una njia tatu: gari ya tajiri kwa hesabu ya siku, gari ya mkataba ambayo itakuwa yako ukimaliza malipo, au gari yako mwenyewe. Kwa mwaka wa kwanza ninaipendelea hesabu ya siku, hata kama inaumiza moyo kuona pesa zinakwenda kwa mwengine, kwa sharti kwamba makubaliano yaandikwe na kushuhudiwa, tena mbele ya sheha ikiwezekana. Yaandikwe haya: nani analipia tairi na oili, nani analipia gari ikigongwa, siku gari ikiwa gereji hesabu inasimama au inaendelea, na miezi ya Aprili na Mei, mvua inapokuwa nyingi na wageni wachache, hesabu itashuka kiasi gani. Mkataba usiolitaja hilo la mwisho humla dereva kila mwaka.

Kabla hujaikubali gari, hakikisha imesajiliwa kuwa chombo cha biashara, kwani kubeba abiria wa kulipa katika gari ya binafsi ni kosa, na wa kwanza kukamatwa ni aliyeshika usukani. Bima nayo isomwe. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima, lakini haitengenezi gari yako, na bima iliyokatwa kwa matumizi ya binafsi inaweza kukataliwa siku ya ajali ikithibitika kuwa kulikuwa na abiria wa kulipa. Ndani ya gari pawe na spea tairi yenye upepo, jeki na spana inayoingia kweli katika nati za gari hiyo, pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na tarehe, na sanduku la huduma ya kwanza.

Kila asubuhi, kabla ya injini kupata moto, fungua boneti uangalie oili, maji ya redieta na mafuta ya breki. Zunguka gari ukitazama tairi na taa. Kanyaga breki mara kadhaa ukisikiliza mguu unavyopokelewa. Asiyejua ufundi wowote aulizie kozi fupi katika vituo vya mafunzo ya amali, kama Mwanakwerekwe kwa Unguja na Vitongoji kwa Pemba.

Kituo na bei

Huwezi kuegesha popote ukaita abiria. Kituo kina utaratibu wa baraza la manispaa au baraza la mji la eneo husika, na kina jumuiya ya madereva yenye foleni, mchango na kiongozi wake. Nenda kwa kiongozi kwanza, ujitambulishe, utaje aliyekupeleka, na uwe tayari kuanza kama deiwaka, ukishika gari za wenzako wanaopumzika. Bandari ya Malindi na Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume vina masharti zaidi ya vituo vya mtaani, na ndivyo vinavyogombaniwa zaidi. Anayeingia kule kwa kubebabeba abiria pembeni hujitengenezea maadui kabla ya kujitengenezea riziki. Tena kumbuka kwamba leseni ya teksi haikufanyi kuwa mtembeza wageni. Kuwaongoza watalii Jozani au mashamba ya viungo kunahitaji leseni ya Kamisheni ya Utalii.

Teksi zetu hazina mita, hivyo bei ni hesabu ya dereva mwenyewe, na wengi huikisia. Fanya hivi. Mjini hadi Nungwi ni kiasi cha kilomita 60, na kwa kuwa aghlabu utarudi mtupu, hesabu 120. Gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita itakula lita 12. Ongeza robo yake kwa ajili ya oili, tairi na gereji, zifike lita 15, na uzizidishe kwa bei ya mwezi huo iliyotangazwa na ZURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta Zanzibar. Safari hiyo inakula nusu ya siku, kwa hiyo ongeza nusu ya hesabu ya tajiri. Hapo umefika mahali ambapo hupati wala hupotezi. Ujira wako unaanza juu yake. Andika hesabu hizo kwa safari zote kubwa, ubadilishe kila bei ya mafuta inapobadilika, na bei itajwe na ikubaliwe kabla mlango haujafungwa, kwa mgeni na kwa mwenyeji.

Abiria hawafanani. Anayekwenda kuzaa saa nane za usiku hapatanishwi bei mlangoni: mpeleke, na ujue mlango wa dharura wa hospitali ya Mnazi Mmoja na wa hospitali ya Lumumba unaingiliwa wapi. Ijumaa mchana panga safari ukijua kuwa barabara za karibu na misikiti zitajaa. Ramadhani usile wala kunywa hadharani garini hata ukiwa safarini, na mgeni anayetaka kunywa maji mweleze kwa upole, bila kumhutubia.

Ajali ikitokea, simama, washa taa za hazadi, weka pembetatu, watazame watu kabla ya kuitazama gari, piga 112, na usiiondoe gari mpaka trafiki wapime, isipokuwa kwa kumuokoa mtu. Piga picha, chukua namba za mashahidi, kisha mjulishe tajiri na kampuni ya bima siku hiyo hiyo.

Leseni, bima, ukaguzi na rodi laisensi haviishi tarehe moja. Ziandike tarehe zote nne katika kipande kimoja cha karatasi, ukibandike nyuma ya kinga ya jua upande wako, na uanze kushughulikia kila moja wiki mbili kabla haijaisha. Tajiri akikwambia uende tu, bima atakata wiki ijayo, mrudishie ufunguo mpaka atakapoikata.